Kina Mama Waliovua Nguo Nairobi: Matembezi Yetu ya Jumapili

SEHEMU YA 1



Wiki iliyopita niliweka picha moja tu, miguu yetu na magurudumu ya kigari cha mtoto kwenye lami ya mjini, na mpaka leo mnaniuliza: sista, mlikuwa mnaenda wapi? Leo niko nyumbani. Nimetoka shifti ya usiku, nimelala vya kutosha, chai iko mezani. Wacha niwaambie vizuri. Ni ndefu, kwa hivyo nimeigawa sehemu tano. Soma ukinyonyesha, soma kwa matatu, soma ukingojea maharagwe yaive.

Mnanijua. Kila mama akija kliniki ya wiki sita namwambia neno moja: tembea. Si kukimbia, si kubeba vyuma. Kutembea tu, nusu saa, na mtoto mgongoni au kwa kigari. Damu inazunguka, mgongo unanyooka, na kichwa kinapata hewa. Hasa kichwa. Mama aliyefungiwa chumba kimoja wiki sita na mtoto anayelia anahitaji kuona watu na barabara.

Sasa jibu ninalopewa ni lile lile kila siku. Nitembee wapi, sista? Mtaani ni vumbi na bodaboda. Na town naogopa.

Hilo la "town naogopa" lilinikaa. Tulikuwa kina mama wanne siku ya kwanza, tukakubaliana tujaribu Jumapili asubuhi, kabla jua halijawa kali. Nairobi ya Jumapili asubuhi si ile ya Jumatatu. Makanga wamelala, njia ya miguu ni yako, kigari kinapita bila kugombana na mtu. Tukazunguka tu, tukaangalia majengo, tukanunua ndizi. Kwenye Kenyatta Avenue kuna wale watu watatu wa shaba, ukumbusho wa Waafrika waliopigana na kubeba mizigo Vita vya Kwanza vya Dunia, uliwekwa 1928. Mtoto wa mwenzetu, msichana wa miaka saba, akawaangalia. Tukaenda Kimathi Street, akamwangalia Kimathi na bunduki yake. Moi Avenue, akamwangalia Tom Mboya. KICC, akamwangalia Mzee Kenyatta amekaa. Akamwuliza mama yake: "Kwani wamama walikuwa wapi?"

Mama yake akanigeukia mimi, ati kwa sababu mimi ndiye sista.

Sikuwa na jibu. Nikasema tumlipe mtu atutembeze, wale wanaotembeza watalii. Tukachanga. Mzee wa watu alijua kazi yake, sitamsema vibaya: reli, gavana huyu, gavana yule, nani alijenga nini mwaka gani. Saa mbili nzima. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyetajwa siku hiyo, na huyo alikuwa Malkia Victoria wa Uingereza, aliyekuwa na sanamu yake pale Jeevanjee Gardens tangu 1906. Alikufa 1901. Reli ilifika Nairobi 1899. Yaani mwanamke aliyekaa juu ya jiwe mjini mwetu zaidi ya miaka mia hakuwahi kukanyaga hapa hata siku moja. Sanamu yenyewe iliangushwa 2015.

Basi nikaanza kusoma mwenyewe, kidogo kidogo, usiku wodi ikitulia. Nikapata kwamba wamama walikuwepo. Tena walikuwa mahali tunapopita kila siku tukikimbilia matatu. Ndiyo nikatengeneza njia yetu. Kwa mwendo wa mtoto anayejifunza kutembea inakula saa moja na kitu, pamoja na kusimama kubadilisha nepi.

SEHEMU YA 2

Tunaanzia University Way, kituo cha polisi cha Central. Simama ng'ambo ya barabara. Usipige picha kituo, utajitafutia maneno. Hoteli ya Norfolk iko hatua chache kutoka hapo, imekuwepo tangu 1904, kwenye barabara inayoitwa leo Harry Thuku. Kumbuka hoteli hiyo, tutairudia.

Sasa rudi nyuma mpaka Machi 1922.

Harry Thuku alikuwa kijana aliyefanya kazi ya simu katika ofisi ya hazina ya serikali. Alianza kusema mambo ambayo watu walikuwa wanayasema jikoni tu: kipande ambacho mwanamume alitembea nacho shingoni, kodi ya nyumba, mishahara iliyokatwa 1921. Lakini kuna jambo moja alilisema ambalo vitabu vya shule hulipita haraka, na mimi nataka tukae hapo. Alisema juu ya wanawake na wasichana waliokuwa wanalazimishwa kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi. Watu wa machifu walikuja vijijini kuwachukua. Wasichana walipelekwa mbali na nyumbani, wakalala huko, na wengine walirudi wakiwa wameharibiwa, wengine na mimba. Mama, wewe una msichana. Fikiria unamwamsha asubuhi kwenda kuchuma kahawa ya mtu, na huwezi kukataa.

Kwa hivyo Thuku alipokamatwa tarehe 14 Machi, wanawake hawakuona ni mambo ya siasa ya wanaume. Mtu aliyewasemea wasichana wao alikuwa amefungiwa ndani.

Watu walikusanyika nje ya kituo cha polisi, eneo hili hili unaloliangalia. Walikesha. Kufikia tarehe 16, siku ya Alhamisi, walikuwa maelfu, na kati yao wanawake walikuwa wachache kuliko wanaume. Wajumbe wakatumwa kuzungumza na wakubwa wa serikali. Wakarudi na habari kwamba Thuku hataachiwa leo, jambo lake litashughulikiwa, kwa hivyo watu waende nyumbani. Wanaume wengine wakaanza kuondoka.

Hapo ndipo anapotokea Mary Muthoni Nyanjiru, mwanamke wa Weithaga, Murang'a, aliyekuwa akiishi Nairobi.

Alisimama mbele ya wanaume wale, akaipandisha nguo yake mpaka juu ya mabega, akawaambia wachukue gauni lake yeye, wampe suruali zao. Kama nyinyi ni waoga, maana yake, mnangoja nini? Thuku yuko pale ndani. Twendeni tumchukue.

Kwa Wakikuyu jambo hilo lina jina, guturama, na si utani wala si wazimu. Mwanamke mzima akikuonyesha uchi wake kwa hasira, amekulaani. Anakwambia: hapa ndipo ulipotokea, na kama huheshimu hapa huna kitu kingine cha kuheshimu. Makabila mengi ya kwetu yana jambo la namna hiyo. Uliza nyanya yako, kwa sauti ya chini, atakwambia.

Mimi kazi yangu ni leba wodi. Uchi wa mwanamke nauona kila siku, na naapa hakuna mahali pengine duniani mtu anakuwa na nguvu namna ile na anakuwa hana kinga namna ile kwa wakati mmoja. Kitu cha kwanza ninachofanya mama akishaingia ni kumfunika. Hata kama tuna haraka, hata kama mtoto anakuja. Kwa hivyo niliposoma juu ya Nyanjiru mara ya kwanza, nilisimamia hapo. Mimi nafunika. Yeye alifunua, mchana, mbele ya bunduki, kwa mkono wake mwenyewe.

Wanawake wenzake wakapiga vigelegele. Wakasonga mbele, wanaume wakaona aibu wakageuka, umati ukasukuma kuelekea kwa askari waliokuwa na visu kwenye midomo ya bunduki. Askari wakafyatua. Na wanasimulia kwamba wazungu waliokuwa wamekaa kwenye baraza ya Norfolk, na vinywaji vyao, nao wakachukua bunduki wakapiga kutoka upande huo.

Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Serikali ikasema waliokufa ni 21. Waafrika waliofanya kazi mochari wakasema walihesabu miili 56. Nyinyi mnaofanya kazi hospitalini mnajua jambo hili. Kuna idadi iliyoandikwa kwenye rejista na kuna ile anayoijua mtu aliyesukuma machela. Mimi, ukiniuliza nimwamini nani, nitakwambia bila kufikiria.

Thuku alipelekwa uhamishoni, akakaa karibu miaka tisa. Leo ana barabara yake. Ukitoka Central kwenda Norfolk unatembea juu ya jina lake.

Tukiwa hapo huwa naeleza watoto kwa maneno ya watoto: kulikuwa na mama mmoja aliyekasirika kwa sababu watu wazima walikuwa wanaogopa kufanya jambo la haki, akawa jasiri kuliko wote. Watoto wanaelewa. Mvulana mmoja wa miaka mitano aliuliza kama alipata kidonda. Nikamwambia ndiyo, alipata kidonda kikubwa, akafa. Usimdanganye mtoto juu ya kifo. Mwambie kwa ufupi, mshike mkono, uendelee kutembea.

SEHEMU YA 3

Hii ni fupi, ni ya kupumzika.

Kutoka Central tunashuka Muindi Mbingu Street, dakika chache tu, mkono wa kushoto ni Jeevanjee Gardens. Keti kwenye benchi. Wahubiri watakuwa wameanza, usijali, mtoto atalala vizuri tu.

Bustani hii ilitolewa kwa watu wa Nairobi na Alibhai Mulla Jeevanjee, mfanyabiashara wa Kihindi, mwaka 1906. Hapa kwa miaka yote hiyo mtu asiye na pesa ya hoteli ameweza kukaa chini ya mti. Mwaka 1991 kukatoka mpango wa kuichukua na kujenga maghorofa na mahali pa kuegesha magari. Mwanamke aliyesimama akasema haiwezekani ni Zarina Patel, mjukuu wa huyo huyo Jeevanjee. Aliandika, akakusanya sahihi, akapiga kelele mpaka mpango ukafa. Mnakumbuka 1991 watu walikuwa wanaongea wakiangalia nyuma? Wazee wenu wanakumbuka.

Basi benchi unalokalia ni kazi ya mwanamke. Na tarehe 27 Januari 2024, maelfu ya wanawake waliandamana Nairobi kupinga mauaji ya wanawake, baada ya wasichana kadhaa kuuawa kwa mfuatano, kwenye vyumba vya kukodisha na kwenye nyumba. Walikusanyika wapi asubuhi hiyo? Hapa hapa Jeevanjee. Huwa nawaza kwamba kama mpango ule wa 1991 ungepita, wangekusanyikia kwenye ghorofa la kuegesha magari.

Haya, tubadilishe nepi tuendelee. Tukifika Kenyatta Avenue tunawapungia wale watatu wa shaba, tunapanda moja kwa moja mpaka Uhuru Highway. Kuvuka hapo ni kwa makini hata Jumapili. Mshike mtoto kifundo cha mkono, usimshike vidole, vidole vinateleza.

SEHEMU YA 4

Uhuru Park, pale kona ya Uhuru Highway na Kenyatta Avenue. Freedom Corner.

Kabla ya kona, bustani yenyewe. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga hapa jumba la ghorofa 60, la gazeti la chama tawala, na sanamu kubwa ya Rais Moi mbele yake. Profesa Wangari Maathai akaandika barua. Akaandika kwa kila mtu, mpaka kwa wafadhili wa nje. Mnajua walimjibu nini? Hawakumjibu juu ya bustani. Bungeni wabunge walimcheka, wakasema yeye na wenzake ni kundi la wanawake walioachika. Rais akasema mwanamke mwema kwa mila ya Kiafrika huheshimu wanaume na kunyamaza. Shirika lake, Green Belt, likapewa saa 24 kutoka kwenye ofisi walizokuwa wamepanga. Akahamishia kazi nyumbani kwake.

Kama umewahi kusema jambo kwenye mkutano wa wazazi shuleni, halafu ukaulizwa bwanako yuko wapi, unajua ladha ya maneno hayo.

Mwaka 1990 wawekezaji wakajiondoa. Ndiyo sababu leo kuna nyasi pale.

Sasa kona. Mwanzo wa 1992 vyama vingi vilikuwa vimekubaliwa miezi michache tu iliyopita, lakini vijana waliokuwa wamefungwa kwa sababu ya siasa, zaidi ya hamsini, bado walikuwa ndani. Mama zao walikuwa wazee, wengi kutoka mashambani. Mmoja wao ni Monica Wangu wa Wamwere, mama yake Koigi wa Wamwere, aliyekuwa mbunge zamani na wakati huo anakabiliwa na kesi ya uhaini. Tarehe 28 Februari kina mama hao, pamoja na Wangari Maathai, walikwenda kwa mwanasheria mkuu kuomba watoto wao waachiwe. Wakaambiwa wamesikika, waende nyumbani wangojee.

Mnasikia? Maneno ni yale yale ya 1922. Nendeni nyumbani, tutashughulikia.

Wakasema hawaendi nyumbani. Watangojea hapa Uhuru Park, na hawatakula mpaka watoto watoke. Wakatandika, wakakaa. Watu wa mji wakaanza kuja, kwanza wachache, halafu mamia. Wakakaa nao, wakaimba, na waliowahi kuteswa vizuizini wakaanza kusimulia hadharani mambo ambayo hawakuwa wamewaambia hata wake zao. Kona ikapewa jina lake siku hizo.

Niseme kama muuguzi. Mwanamke wa miaka sitini au sabini akikaa bila chakula nje, juani mchana na kwenye baridi ya Nairobi usiku, siku ya kwanza ni njaa tu. Siku ya pili kichwa kinauma, akisimama anaona giza kwa sababu presha imeshuka. Ya tatu na ya nne mwili unaanza kujila wenyewe, na kama ana sukari au presha hapo ndipo hatari inapoanza. Hao ni mama zetu, wale tunaowaambia kliniki wasisahau kula kabla ya kumeza dawa. Walijua wanachofanya kwa miili yao.

Tarehe 3 Machi, siku yao ya tano pale, polisi wakaja na virungu na gesi ya machozi. Wangari Maathai alipigwa mpaka akazimia, akakimbizwa hospitali. Na katikati ya ule moshi baadhi ya wale kina mama wazee wakavua nguo. Wakawageukia vijana wa polisi wakiwa uchi, matiti yaliyonyonyesha, matumbo yaliyobeba, wakawalaani kama Nyanjiru alivyowalaani wanaume wake. Polisi wengine, vijana wa umri wa watoto wao, waligeuza nyuso.

Ni miaka sabini kati ya kina mama hawa na Nyanjiru. Mwezi ule ule wa Machi. Kutoka Central mpaka hapa tumetembea na kigari cha mtoto.

Wale mama hawakwenda nyumbani. Kona ilipofungwa na polisi wakahamia kanisa la All Saints, ng'ambo ya barabara, wakakaa kwenye chumba cha chini cha kanisa. Hawakukaa wiki moja wala mwezi mmoja, walikaa mpaka mapema 1993. Watoto wao wakaachiwa, karibu wote, naye Koigi akiwemo.

Wangari alipewa Nobel 2004. Alipofariki, Septemba 2011, alirudishwa hapa hapa Freedom Corner kuagwa, ndani ya jeneza lililotengenezwa kwa magugu-maji, mafunjo na mianzi kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Watoto wanaipenda sana hiyo ya jeneza. Wanauliza maswali mengi ya jeneza kuliko ya Nobel.

SEHEMU YA 5

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, na ndiyo sehemu niliyoiandika mara tatu nikaifuta.

Novemba 2014 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi. Wengine mtakumbuka ile video. Mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye steji ya matatu katikati ya mji, mchana, watu wakiangalia, wengine wakipiga picha na simu. Ati nguo yake ni fupi. Haikuwa video moja, zilikuwa kadhaa miezi hiyo. Mama yangu alinipigia simu kutoka nyumbani. Hakusema pole, hakusema wanaume ni wabaya. Alisema: "Beba leso kwa begi. Kila siku. Yako, na ya mwingine ukimkuta."

Tarehe 17 Novemba wanawake walikusanyika hapa Uhuru Park wakaandamana mpaka kwenye ile steji. Wengine walivaa mini, wengine buibui, wengine suti za ofisi. Mimi sikwenda. Nilikuwa na zamu wodini, na nikisema ukweli, hata bila zamu ningeogopa. Mwisho wa mwaka huo huo sheria ikabadilishwa. Leo katika Kenya kumvua mtu nguo kwa nguvu ni kosa lenye kifungo kisichopungua miaka kumi. Wanaume watatu waliomvua mwanamke nguo ndani ya matatu na kumwibia walihukumiwa 2017.

Kwa hivyo nikiwa nimesimama pale kona na kina mama wenzangu, kuna swali ambalo huwa linakuja, na mara nyingi linatoka kwa mtoto. Yule msichana wa miaka saba aliuliza hivi: "Sista, mama wa Central alivua nguo, mkasema ni jasiri. Yule wa steji alivuliwa, mkasema ni vibaya. Si ni kitu kimoja?"

Nilikaa chini kwenye nyasi nikamweka mbele yangu. Nikamwambia: mkono wa nani ulishika nguo? Akafikiria. Akasema, wa kwanza ni mkono wake. Nikasema, na wa pili? Akasema, mikono ya watu. Nikasema, sasa umeelewa kuliko watu wazima wengi.

Kina baba mnaosoma hapa kimya kimya, nawaona. Mwulizeni kijana wako wa miaka saba swali hilo hilo jioni hii.

Maana laana ile ya zamani ilikuwa na nguvu kwa sababu moja: mwili ni wa mwenyewe, na kila mtu alijua kuuona bila ruhusa ni aibu ya anayeona. Nyanjiru alijua wanaume watashindwa kuangalia. Mama Wangu na wenzake walijua polisi watageuza nyuso. Pale steji 2014 hakuna aliyegeuza uso. Walitoa simu. Mimi hilo ndilo linaloniogopesha kuliko zile bunduki za Norfolk. Ndiyo maana wodini nikimkuta mwenzangu, hata awe mkubwa wangu kazini, amemwacha mama wazi kitandani na pazia halijavutwa, navuta pazia kwanza halafu ndiyo tunaongea. Nimegombana na watu kwa ajili ya pazia. Nitagombana tena.

Mwisho wa matembezi tunavuka kwenda All Saints. Ibada ikiwa inaendelea tunakaa nje kwenye kivuli. Leso zinatoka kwenye mabegi, moja ya kulaza mtoto, moja ya kujifunika ukinyonyesha kama unapenda kujifunika, na kama hupendi, hakuna atakayekuuliza hapo.

Mwezi uliopita tulikuwa na mama mmoja mgeni, mkubwa kuliko sisi, alikuja na binti yake aliyejifungua. Wakati wa maandamano ya vijana ya 2024 mwanawe wa kiume alipotea siku nne. Alirudi, yuko hai, lakini siku zile nne yule mama alizunguka vituo vya polisi na mochari na picha ya mtoto kwa simu. Tulipofika Freedom Corner nikaanza kusimulia, nikamwona ametandika leso yake kwenye nyasi akakaa, miguu ameinyoosha mbele, anaangalia barabara. Nikamaliza kusimulia. Hakuinuka. Watoto wakaanza kulia njaa. Binti yake akasema, "Mama, twende." Akasema, "Ngoja kidogo."

Tukangoja. Tuligawa ndizi, mtoto mmoja akalala, yule msichana wa miaka saba akaenda akakaa kando yake kwenye leso, naye akanyoosha miguu.

Jumapili ijayo tunaanza saa mbili na nusu asubuhi. Beba maji, kofia ya mtoto, viatu vya chini, na leso mbili. Mwenye mshono ambao haujapona vizuri aje kliniki kwanza nimwangalie. Na anayetaka tufike mpaka Pumwani aniambie mapema, huko ni mbali kidogo na nina mengi ya kuwaambia kuhusu wanawake waliojenga nyumba zao wenyewe.